Historia ya dola ya Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Januari sherehe za Mapinduzi zinapokaribia, na tena Aprili wakati wa Muungano, maswali haya hunifikia kwa wingi. Wanafunzi huuliza kwa sababu ya mtihani. Jamaa waliozaliwa Maskati au Toronto huuliza kwa sababu bibi zao walihama na hadithi nusu. Wageni nao huwa wameshatembezwa Mji Mkongwe siku nzima, wakatoka na majina matatu. Orodha ya masultani na marais haina shida kupatikana. Mimi hupenda kuuliza zaidi: siku ile, kazi ilikuwa mikononi mwa nani?

Zanzibar ni nchi au ni mkoa tu?

Ilikuwa dola kamili, ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na kiti chake Umoja wa Mataifa siku chache baadaye. Leo ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ikiwa na rais wake, Baraza la Wawakilishi, bendera na katiba ya mwaka 1984. Marekebisho ya katiba hiyo ya mwaka 2010 yanaitaja kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Muungano. Si mkoa, hata kidogo.

Kabla ya Waarabu wa Omani, nani alitawala?

Wenyewe. Swali hili huniuma kidogo, kwa sababu huulizwa kana kwamba visiwa vilikuwa vitupu vikisubiri jahazi la kwanza. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, palikuwa na mji wa biashara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia.

Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1499, na Wareno wakaja kudai kodi miaka michache tu baadaye. Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, Unguja ilikuwa na malkia, Mwana Mwema Fatuma, aliyekuwa upande wa Wareno. Waomani walimchukua wakampeleka Maskati, na baadaye akarudishwa nyumbani.

Hata chini ya masultani, Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki ya kisiwa, waliendelea kuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu. Aliyejulikana zaidi ni Muhammad bin Ahmed, aliyejenga kasri la Dunga katikati ya kisiwa. Alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alifariki mwaka 1873, na cheo kikaishia hapo. Ngoma na siwa za enzi yao zilihifadhiwa, na kwangu mimi hizo zina uzito kuliko kiti chochote cha Forodhani.

Kwa nini Seyyid Said aliiacha Maskati akahamia Unguja?

Alifuata bandari na faida. Said bin Sultan alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1828 na kuanzia miaka ya 1830 akayahamishia makao yake huku. Unguja ina maji matamu, bandari tulivu, na pepo za kaskazi na kusi zinaiunganisha na Uarabuni na Bara Hindi kila mwaka. Akajenga kasri la Mtoni, akatia sahihi mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 akaipeleka meli yake Sultana hadi New York chini ya Ahmad bin Na'aman. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nao wakaleta kitambaa kizito cha pamba. Mpaka leo mama zetu hukiita merikani.

Lakini lililobadilisha sura ya visiwa ni karafuu. Ilikuwa imeshaletwa kutoka visiwa vya Wafaransa tangu mwanzoni mwa karne, na Said akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Nani hasa aliipanda mikarafuu hiyo?

Ni swali ninalolitamani liulizwe mara nyingi zaidi. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma ni watumwa, walioletwa kutoka bara: Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wamanyema na wengine wengi ambao majina ya makabila yao bado yanasikika katika mitaa na koo za Unguja na Pemba.

Aliyewahi kuchuma karafuu anajua ni kazi gani. Kikonyo huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, likianza tu kuwa jekundu. Mchumaji hupanda juu ya mti huku akilivuta tawi kwa uangalifu lisivunjike. Jioni watu hukaa kitako kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, halafu kuna siku za kuanika kwenye majamvi, na wingu likitokea kila mtu anakimbia kuanua. Haya yalikuwa maisha ya watu wasiolipwa, miaka zaidi ya 60.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani. Pemba haikuumia sana. Ndiyo maana tangu hapo ukisema karafuu, watu wanafikiria Pemba.

Soko la watumwa lilifungwaje?

Kwa shinikizo. Mikataba ya 1822 na 1845 ilikuwa imeshapunguza biashara hiyo kwenye karatasi, lakini majahazi yaliendelea. Mwaka 1873 Waingereza walimtishia Sultani, Seyyid Barghash, kuizingira bandari kwa manowari, na tarehe 5 Juni akatia sahihi. Soko la Mkunazini likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana mahali pale pale. Ni lile lenye mnara mrefu unaouona hadi leo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanadhani utumwa uliisha siku hiyo. Kilichokatazwa ni kuuza na kusafirisha watu kwa bahari. Utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani hadi amri ya tarehe 6 Aprili 1897, miaka 24 baadaye. Hata amri hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kwenye korti kuomba uhuru wake, huku mwenye mali akilipwa fidia. Masuria hawakuhusika kabisa. Wao walisubiri mpaka mwaka 1909.

Binti Salme ni nani, na kwa nini anazungumzwa sana?

Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said na suria wa Kicherkesi. Alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Kuandika huko kulimtia matatani mapema: mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Sultani Majid, ndugu yao, Salme ndiye aliyeandika barua za njama.

Mwaka 1866 aliondoka kwa siri ndani ya manowari ya Kiingereza, mjamzito wa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka uliofuata akiwa tayari amebatizwa Emily, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa katika ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Alirudi Unguja mara mbili, 1885 na 1888, na ndugu zake waliotawala hawakumpokea. Alifariki Jena mwaka 1924. Kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 1886, na ni kwa macho yake ndiyo tunalijua kasri la Mtoni kutoka ndani: vyakula, wivu, mavazi, uchungu wa kufiwa na baba. Anapoandika kuhusu utumwa, huutetea. Msomaji analazimika kuyabeba yote mawili.

Ni kweli kulikuwa na vita vya dakika 38?

Kweli, na mara nyingi vinasimuliwa kama kichekesho. Havikuwa kichekesho.

Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Tangu mwaka 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Sultani mpya alihitaji kibali chao. Khalid bin Barghash hakusubiri kibali. Aliingia kasri akajitangaza. Waingereza wakaleta manowari 5 mbele ya Forodhani chini ya Admirali Harry Rawson, wakampa muda hadi asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza.

Kasri lilikuwa na sehemu kubwa za mbao, nalo likaungua. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyonunuliwa na Barghash baada ya kimbunga cha 1872 kumwachia bandari tupu, ilijibu kwa mizinga yake midogo na ikazama palepale. Milingoti yake ilibaki ikichomoza majini miaka mingi. Baada ya dakika kati ya 38 na 45, kulingana na mhesabuji, bendera ikashuka. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Upande wa kasri walikufa na kujeruhiwa watu kama 500.

Walikuwa nani hao 500? Askari, ndiyo, lakini pia watumishi na watumwa wa kasri waliopewa bunduki wasizozijua. Khalid mwenyewe aliponyokea ubalozi wa Ujerumani, akatolewa kwa mashua hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka Shelisheli na St Helena, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Yeye alipata miaka 31 ya kusimulia. Wale wa kasrini hakuna aliyewaandikia majina.

Tippu Tip: shujaa au mwuza watu?

Alikuwa mwuza watu na pembe za ndovu, na alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja, akajenga himaya nzima upande wa Maniema, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alirudi, akafariki nyumbani kwake Shangani mwaka 1905. Aliacha vitu viwili vinavyoishi: wasifu wake alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili, miongoni mwa wa mwanzo kabisa wa aina yake, na Kiswahili chenyewe, kilichofuata misafara yake hadi Kasongo na Kisangani. Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo wanapozungumza lugha hii leo, sehemu ya njia yake ilipita kwenye minyororo. Kumwita shujaa siwezi.

Kwa nini Kiswahili sanifu kimetokana na Kiunguja na si Kimvita?

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua hivyo, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita kilikuwa na ushairi mkubwa, na wenyeji wa Mombasa walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini Kiunguja kilikuwa kimeshasambaa bara kwa misafara, na kilikuwa kimechapwa kwa wingi na wamisionari wa Unguja, hasa Askofu Edward Steere. Waliopanga herufi katika kiwanda chake cha uchapaji ni vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Lugha yao ya kuzaliwa haikuwa Kiswahili, na bado vidole vyao vilipita juu ya kila neno la kurasa hizo za mwanzo.

Siti binti Saad alifanya nini kikubwa?

Aliitoa taarabu kasrini. Kabla yake iliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya Sultani na wakubwa. Siti alizaliwa Fumba mnamo 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, ya wafinyanzi. Alikuwa akibeba vyungu kichwani hadi mjini, akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo watu waliyoikumbuka kwanza. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa, akaunda kundi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sahani zake zikauzwa pwani nzima.

Aliimba kwa Kiswahili, kuhusu mambo ya Ng'ambo, ule upande wa pili wa mkono wa bahari walikokaa makuli, wachuuzi na waliotoka utumwani: rushwa, hukumu za korti zisizo haki, wanawake kuonewa. Shaaban Robert aliandika maisha yake. Siti alifariki Julai 1950. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijifunza nyimbo zake akiwa msichana. Ukimsikia Bi Kidude, unaisikia Fumba kwa mbali.

Vita vya ng'ombe vilikuwa nini?

Tarehe 30 Julai 1951. Wakulima wa Kiembe Samaki, ambao ardhi yao ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, waligoma kupeleka ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima. Walikamatwa, umati ukaja kuwatoa, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Kutokana na harakati za wakulima hao ndipo kikaota chama kilichokuja kuwa Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, mwaka 1955. Miaka mitatu kabla ya vita hivyo vya ng'ombe, mwaka 1948, makuli wa bandarini walikuwa wamegoma na kuusimamisha mji. Siasa yetu ilianza kwa watu wa jembe na watu wa gunia, na mawakili wakaja baadaye.

Mbona mapinduzi yalitokea mwezi mmoja tu baada ya uhuru?

Angalia hesabu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata viti 10, Hizbu 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Chake Chake ilikwenda kwa tofauti ya kura moja. ZPPP ikagawanyika, ikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na ghasia zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, Sultani Jamshid akiwa mkuu wa dola.

Watu zaidi ya nusu waliona wamepiga kura bure. Juu ya hapo, serikali mpya iliwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara. Wanaume wenye mafunzo ya silaha, wasio na mshahara, wanaojua ghala lilipo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 kambi ya polisi ya Ziwani ilivamiwa kwa mapanga, mashoka na mikuki. Asubuhi bunduki zilikuwa mikononi mwa waasi, na Jamshid alikuwa baharini. Aliishi Uingereza hadi mwaka 2020, akaruhusiwa kuhamia Omani, na akafariki Desemba 2024.

John Okello alikuwa nani?

Mtu wa kabila la Walango kutoka kaskazini mwa Uganda, aliyefika Pemba mwaka 1959, akafanya kazi za ujenzi. Yeye ndiye sauti iliyosikika redioni ikijiita Field Marshal, ikitoa vitisho vilivyowatia watu hofu. Nafasi yake halisi inabishaniwa: wapo wanaomweka mbele, na wapo wanaosema mpango ulikuwa wa vijana wa ASP na yeye alipewa kipaza sauti. Kufikia Machi 1964 alikuwa ameshazuiwa kurudi Unguja.

Na waliouawa?

Idadi zinazotajwa huanzia mamia hadi maelfu mengi, na wingi wao walikuwa Waarabu, pamoja na Wahindi na wengine. Wengi hawakuwa na cheo wala shamba: walikuwa na duka la kijijini, au walikuwa na jina tu. Nawaambia wanafunzi waandike hilo kwenye jibu hilohilo linalozungumzia dhuluma iliyotangulia. Kuna nyumba zinazosherehekea Januari 12 na nyumba zinazofunga milango, na wakati mwingine ni nyumba za ukoo mmoja.

Muungano ulifanyikaje haraka vile?

Nyerere wa Tanganyika na Karume wa Zanzibar walitia sahihi hati tarehe 22 Aprili 1964, na tarehe 26 nchi mbili zikawa moja. Jina Tanzania lilikuja Oktoba. Vita Baridi ilikuwa imefika mlangoni: Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na Wamarekani waliogopa Kuba mpya. Zaidi ya hapo ni mjadala unaoendelea hadi leo, bungeni na barazani.

Karume anakumbukwaje?

Kama baharia aliyekuwa rais, aliyegawa eka tatu tatu kwa watu wasiokuwa na ardhi, akafuta ada za shule na hospitali, akaanzisha majumba marefu ya Michenzani katikati ya Ng'ambo. Pia kama mtawala ambaye chini yake watu walitoweka, akiwemo Abdulla Kassim Hanga, mwenzake wa Mapinduzi. Aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972.

Maridhiano yalianza lini?

Baada ya chaguzi za vyama vingi kuleta uhasama, na waandamanaji kuuawa Januari 2001, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa karibu theluthi mbili ya kura. Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki akiwa tena katika cheo hicho, Februari 2021.

Nikifika Unguja nianzie wapi?

Wengi huanzia Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati. Basi utazame kutoka Forodhani, ukiipa mgongo bahari ambako Glasgow ilizama. Tembea hadi Mkunazini, kisha vuka Darajani uingie Ng'ambo, ambako watalii wachache hufika. Siku ya pili chukua daladala uende Dunga, kwenye magofu ya Mwinyi Mkuu. Mwisho ni Kizimkazi Dimbani. Omba ruhusa, vua viatu, ingia hadi kwenye mihrabu. Maandishi yapo ukutani, kwenye jiwe la matumbawe, na tarehe inasomeka.